Kobe na Kiapo cha Mama

Wajukuu wananiuliza kama ni kweli niliwahi kukaa kwenye nyumba yenye magurudumu. Ni kweli. Nimepika humo, nimeugua humo, nimegombana na mume wangu humo, na ukigombana na mume kwenye nyumba ya namna ile huna chumba cha pili cha kwenda kununia. Unanuna papo hapo, miguu yenu imegusana.

Ilikuwa wakati wa Mwingereza, miaka ile baada ya vita vya pili. Mume wangu alikuwa dereva wa Mzungu mmoja mpima ardhi, aliyezunguka Kilwa yote mpaka Lindi kwa gari dogo la kulala. Mbele gari, nyuma chumba cha mbao: kitanda kimoja, jiko la mafuta, pipa la maji, na madirisha mawili yenye wavu wa mbu. Mzungu alipokwenda kwao moja kwa moja, alimwachia mume wangu lile gari liwe kiinua mgongo chake. Sisi hatukuwa na nyumba. Tukaingiza mikeka na sufuria zetu, tukaliegesha Kilwa Masoko nyuma ya soko, tukawa tumehamia. Watu wakaliita Kobe, kwa sababu halikuwa na mbio na lilibeba nyumba yake mgongoni. Majirani walinitania kila asubuhi, "Nyumba imeamkaje leo? Haijahama?" Nami nilikuwa na ulimi wangu. Niliwajibu kwamba yao ikishika moto haiwezi hata kukimbia.

Majirani hawakuniumiza. Aliyeniumiza ni mama yangu mzazi, aliyekaa ng'ambo ya soko lile lile na hakutia mguu ndani ya Kobe hata siku moja. "Nyumba yenye magurudumu si nyumba," alisema. "Siku moja utaamka hujui uko kwa nani." Na palikuwa na jambo jingine, la haya. Kobe alikuwa na kitanda kimoja, na ukiingia ndani pa kukaa ni hapo tu kitandani. Kitanda cha mkwe. Mama mtu mzima wa pwani akalie kitanda anacholala mume wa binti yake? Afadhali afe. Mume wangu naye alimheshimu mkwewe kupita kiasi, hata kumtazama usoni hakuthubutu. Wakiwa na neno, walilipitisha kwangu, mmoja kulia kwangu na mwingine kushoto, wote wawili wanasikiana vizuri kabisa.

Sasa kiapo. Mama alipata ugonjwa wa mguu, ukakauka, akawa anajikongoja na fimbo kutoka chumbani mpaka uani, basi. Mara ya kwanza walipompeleka hospitali Lindi walimpandisha kwenye lori. Taniboi, yule utingo wa lori, akamwinua kama gunia la mtama, akamrusha juu, kanga ikamvuka, na watu waliokuwa sokoni wakacheka. Mama hakusema kitu siku ile. Alisema aliporudi, mbele ya watu wote wa nyumbani: "Wallahi, sitapakiwa tena. Nikitoka tena Kilwa nitatoka nimekaa kitako kwenye gari la mwanangu, au nitatoka nimelala kwenye jeneza." Mwanawe wa kiume, kitinda mimba, wakati huo hata baiskeli hakuwa nayo.

Mimi nililelewa na shangazi yangu, huko Mtanda mjini Lindi, na harusi yangu ilifanyika kwake muda mfupi baada ya kiapo kile. Watu wakaenda kumchukua mama. Akawapa kanga mpya na ubani wa kuniletea, akawaambia, "Nendeni. Mtanisimulia." Niliolewa mama yangu hayupo. Nilimkasirikia, na hasira hiyo ilikaa miaka, maana mimi hasira yangu haiishi kwa kulala.

Yule mdogo wangu alikichukua kiapo kama deni. Akawa taniboi, akawa dereva, akajinyima, mwishowe akanunua gari dogo kuukuu la watu wanne, mlango wa nyuma umefungwa kwa kamba. Alilinunua kwa ajili ya mama, na kila mtu Masoko alijua. Akaposa binti huko huko Mtanda, nyumba ya tatu kutoka kwa shangazi. Harusi ikapangwa kabla ya Ramadhani. Mama akafua nguo zake mwenyewe, akapaka fimbo mafuta. Sikuwahi kumwona anapaka fimbo mafuta.

Injini ikavunjika wiki ile ile. Fundi akaifungua, akatikisa kichwa, akasema kifaa kitatoka Dar es Salaam kwa meli na hakitafika kabla ya harusi. Kuahirisha haikuwezekana, mwezi wa mfungo ulikuwa mlangoni na wali wa watu umeshapangwa. Mdogo wangu alikaa chini karibu na tairi, akalia kama mtoto. Mama alipoambiwa hakulia. Alivua ushungi mpya, akaukunja, akasema, "Nendeni. Mtanisimulia."

Yale maneno. Yale yale ya siku ya harusi yangu. Nikatoka nikaenda moja kwa moja kwa mume wangu, nikamkuta anakunywa chai, nikamwambia, "Kobe atalivuta lile gari mpaka Lindi, na mama ndani."

Alimaliza chai yake kwanza, ndivyo alivyokuwa. Kisha akasema, "Kulivuta si kazi. Kobe atalivuta. Kazi ni kulisimamisha."

Akanieleza nami nikaelewa, ingawa nilikuwa sitaki kuelewa. Breki za Kobe zilitengenezwa kwa uzito wa Kobe mwenyewe. Mpandoni atavuta polepole, atachemka, tutapumzika. Lakini mteremkoni gari la nyuma halivutwi tena, linasukuma. Kama limefungwa kwa kamba, kamba italegea, gari litaingia ndani ya chumba chetu na mama yumo. Na kama Kobe akiharibika, tumepoteza gari na nyumba kwa siku moja.

"Basi huwezi," nikasema.

"Sijasema siwezi. Nimesema lisifungwe kwa kamba."

Akaenda kutafuta boriti, ile miti ya mikoko inayojengewa nyumba zetu. Alichagua moja nene lililonyooka, akampelekea mhunzi alitie pete za chuma huku na huku. Ukiwa na boriti katikati, gari la nyuma halikaribii wala haliachi nafasi. Mdogo wangu angeshika usukani, na breki ya gari lake ilikuwa nzima, angemsaidia Kobe kwenye miteremko. Wakajaribu uwanjani, gari tupu, wanakwenda na kusimama, wanakwenda na kusimama, mpaka wakaelewana. Mashemeji wale hawakuacha kutaniana. Mume wangu alimwambia kwamba katika madereva wote wa Masoko ni yeye peke yake asiyehitaji mafuta.

Ikabaki kumwambia mama. Tulisimama uani kwake, mume wangu ametazama ukutani.

"Mwambie mama," akasema, "kama anaona vyema, kiapo kina kafara yake. Afunge siku tatu, asafiri kwa njia nyepesi."

"Mwambie mkwe wangu," akajibu mama, "kafara ni ya anayevunja. Mimi nimevunja nini?"

"Mwambie gari litakuwa linavutwa. Asije akasema hatukumwambia."

Mama akafikiri. "Mbuzi akivutwa kwa kamba kwenda sokoni, si mbuzi? Gari ni la nani?"

"La mwanao," nikasema.

"Basi. Ng'ombe haelemewi na nunduye. Leteni hilo boriti lenu."

Tulitoka asubuhi. Mama alitembea na fimbo yake mpaka garini, mimi nimemshika mkono mmoja, akaingia mwenyewe, akakaa kitako kiti cha nyuma, akavuta ushungi mbele. Mimi nikakaa naye. Mdogo wangu kwenye usukani, na mbele yetu mgongo wa Kobe na madirisha yangu mawili na pazia nililoshona mwenyewe. Sikuwahi kuitazama nyumba yangu kutoka nyuma ikiwa inatembea. Watu wa sokoni walitoka kutazama, na hakuna aliyecheka. Mama hakugeuza shingo, lakini niliona anawahesabu kwa pembe ya jicho.

Mpaka Mitole mambo yalikuwa mazuri. Pale Kobe alichemka, tukasimama kutia maji. Na Mitole ile ilikuwa imejaa watani wa mume wangu. Kama hujui utani wa kwetu, ujue hivi: mtani akichukua kuku wako humkasiriki, akikutukana unacheka, na ukifa ni yeye anayekuchimbia kaburi huku anakusema kwa ubahili wako. Watani wale waliona gari linavutwa, lina nafasi, na linakwenda harusini. Kwa watu wa kwetu gari tupu halipiti. Kabla maji hayajajaa kwenye rejeta walikuwa wameshapakia magunia ya mihogo na karanga nyuma na juu ya paa, zawadi ya harusi wakasema, na wenyewe wamening'inia kwenye ngazi za pembeni mwa gari letu. Mume wangu akawaambia washuke. Wakamjibu, "Kobe gani huyu analalamika, hajaona mzigo." Angefanya nini? Mtani hafukuzwi kwa ukali. Akacheka kwa shida, akapanda, tukaondoka. Kosa lile lilikuwa letu sote, na ukinileta leo pale pale nadhani tungelifanya tena.

Baada ya Mitole kuna mteremko. Si mrefu, lakini ulitutosha. Nilisikia boriti linalia. Mdogo wangu akakanyaga breki, akakanyaga tena, pakanuka kitu kinaungua, na gari letu likawa halitaki kukaa nyuma, linataka kupita pembeni. Niliona mkia wa Kobe unayumba, unasukumwa na sisi. Nilimshika mama. Mama alikuwa anasoma Ayatul Kursiy kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayesoma nyumbani kwake. Mume wangu akaona tuta la mchanga kando ya njia, akamwelekeza Kobe humo. Tukasimama tumeinama upande mmoja, karanga zinamwagika juu ya paa.

Aliposhuka, uso wake ulikuwa wa majivu. Akawaendea watani wale, nikajua anataka kuwatukana kweli kweli, na akifanya hivyo atakuwa amevunja kitu ambacho hakiungiki. Mama akateremsha kioo.

"Watani," akaita. "Njooni."

Wakaja.

"Mmepakia mihogo. Majembe mmepakia?"

Wakatazamana. Mmoja akauliza, majembe ya nini.

"Ya kutuzikia. Mtani ndiye mchimba kaburi, au mila imebadilika? Mmetaka kutuua mteremkoni na hamkuja na jembe hata moja. Watani gani nyinyi, wavivu hata wa kuzika."

Walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Lakini walielewa, na walipomaliza kucheka wakashusha magunia yote bila kuambiwa. Kisha wakatoa kamba za mizigo, wakazifunga nyuma ya gari letu, wakazishika wote kwa pamoja kama watu wanaovuta wavu wa jarife baharini, wakatuteremsha mpaka chini wakituzuia kwa nyuma hatua kwa hatua, huku wanamtukana mume wangu kwa raha zao. Mihogo wakasema italetwa na lori. Mume wangu alisimama muda akizitazama zile kamba. Alikuwa amefikiri jambo, ila mume wangu hakuwa mtu wa kusema jambo kabla halijaiva.

Breki za mdogo wangu zilikuwa zimekwisha. Tukaendelea na za Kobe peke yake, mwendo wa mtu anayetembea na mgonjwa. Tulivuka mto Mbwemkuru, tukapita Mchinga, na kila kilima mume wangu alisimama juu, akaangalia chini, akaingiza gia ya kwanza, tukashuka tukimtaja Mungu. Mama alikuwa anatazama dirishani. Miaka mingi hakuwa ameona ila ua wake. Aliniuliza majina ya kila mahali, na mengine aliyajua kuliko mimi.

Kisha tukafika mteremko wa mwisho kabla ya Lindi. Huo ndio niliouogopa tangu Masoko. Mji ulionekana kule chini, mabati na minazi, na barabara inashuka inajipinda. Mume wangu akasimamisha Kobe. Akashuka, akatembea mpaka kwenye kona ya kwanza, akarudi.

Nilitoka nikamfuata. Akanong'ona, "Hapa silivuti. Likinisukuma kwenye kona, hakuna tuta la mchanga."

"Kwa hiyo mama ashuke?" nikamwuliza. "Tumefika hapa, anauona mji, ashuke apakiwe kwenye lori la mihogo?" Nilikuwa nalia, na sikujali nani ananiona. "Hakuja kwangu. Asifike na kwa huyu?"

"Umemaliza?" akauliza. "Sijasema ashuke. Nimesema silivuti. Nitalizuia, kama watani."

Akaeleza. Wafungue boriti. Gari dogo likae mbele, Kobe ahamie nyuma, boriti lifungwe kati ya mkia wa gari na bampa ya Kobe. Gari litashuka kwa uzito wake, mdogo wangu ataelekeza usukani, na Kobe atakuwa nyuma kwenye gia ya kwanza akilishika lisikimbie. Pete zikistahimili, tutafika chini. Zisipostahimili, gari lile halina breki.

Walifunga boriti, wakaongeza na mnyororo. Kisha mume wangu akaenda dirishani kwa mama. Mimi nikasogea nikakaa katikati yao, kama kawaida, nisubiri maneno nipitishe. Hakunitazama. Kwa mara ya kwanza tangu anioe alimtazama mama usoni.

"Mama," akasema, "mimi nitakuwa nyuma. Hutaniona. Unaniamini?"

Mama naye akamtazama. "Baba," akamwambia, "ulimchukua binti yangu sikukuona, na mpaka leo hujamwangusha. Endesha."

Nilipanda nikakaa karibu na mama. Gari likaanza kushuka, kimya kabisa, bila injini, na nyuma yetu Kobe ananguruma kwa hasira, gia ya kwanza, anatushika. Boriti lililia kidogo kwenye kona ya kwanza. Kwenye ya pili halikulia. Mama alikuwa amenishika mkono, na mkono wake ulikuwa baridi, nikajua basi naye anaogopa, na kujua hivyo kukaniondolea nusu ya hasira yangu ya miaka yote. Nusu ya pili ilikuwa bado inaningoja Mtanda.

Chini kwenye tambarare, Kobe akatusukuma kwa boriti lile lile, taratibu. Nikashuka haraka nikalifunika kwa kanga, watu wadhani ni pambo. Hivyo tukaingia Mtanda, gari la mdogo wangu mbele, mama amekaa kitako, na nyumba yangu nyuma kama msafara. Vigelegele vikapigwa. Baba wa bibi harusi akatoka kumpokea mkwe mwenziwe, akainamisha sikio.

"Bibi, mbona gari lenu halina mlio?"

"Limelelewa," mama akajibu. "Haliingii kwenye nyumba za watu kwa makelele."

Harusi ilikuwa harusi, sina haja ya kuisimulia, safari hii hakuna wa kusimuliwa. Ila jioni, watu wakila, mama aliniita. "Wewe ulikaa wapi siku yako?"

Nikamshika mkono, tukajikongoja nyumba tatu mpaka kwa shangazi. Nikamwonyesha chumba, nikamwonyesha nilipokaa. Akasimama mlangoni, ameegemea fimbo, anaangalia pembe zote nne.

"Mlango nilidhani uko upande huu," akasema. "Miaka yote nikikuwaza nilikuweka upande huu."

Tulisimama tu pale mpaka mguu wake ukachoka.

Gari likaachwa Mtanda kwa fundi, lisubiri kifaa chake. Nikaanza kuwaza mama atarudije. Nilijua kiapo, nilijua kitanda. Asubuhi ya kuondoka nikasikia nyundo, nikatoka, nikamkuta mume wangu amekitoa kitanda chetu chote, mbao na godoro, amekiegemeza kwenye ukuta wa shangazi. Mahali pake ndani ya Kobe ameweka kitanda kipya cha kamba, zawadi ya wakwe kwa mama, na mkeka mpya juu yake. Mimi na yeye, akasema, chini patatutosha.

"Na kiapo?" nikamwuliza mama.

"Kiapo kilikuwa cha kutoka Kilwa, mwanangu. Cha kurudi sikuapa."

Akapanda kwa fimbo yake. Akagusa pipa la maji, akagusa jiko, akavuta pazia langu akatazama mshono, akasema ungeweza kuwa mzuri zaidi. Kisha akalala, na usingizi ukamchukua kabla hatujapandisha kilima. Tulipita Mchinga amelala, tukavuka Mbwemkuru amelala, Mitole watani wakaja na majembe begani, wakachungulia kwa dirisha la wavu, wakaona amelala, wakaondoka kwa ncha za vidole.

Tuliegesha Kobe uani kwake Masoko jua linazama. Nikamwamsha, nikamwambia, "Mama, tumefika. Shuka, nyumba yako hii hapa."

Akafumbua jicho moja. "Nimekuja kulala kwa mwanangu," akasema. "Nani amekwambia nashuka?" Akageukia upande wa ukuta, akavuta kanga mpaka mabegani.